Eleza, Simulia, Fafanua: Istilahi za Insha katika Madaftari ya Mlingotini

Makala haya yanahusu maneno machache ambayo kila mwalimu wa Kiswahili huyatamka kila wiki, na ambayo kwa maoni yangu hayajapata kupimwa kwa mizani ile ile inayopimiwa istilahi za sayansi au za sheria. Nayo ni majina ya aina za insha, pamoja na vitenzi vinavyotumika kumwagiza mwanafunzi aandike: eleza, simulia, fafanua, jadili. Yamkini baadhi ya wasomaji wataona kwamba jambo hili ni dogo, tena ni la darasani tu, wala halistahili kushughulikiwa na watu wa istilahi. Nami niliona hivyo, mpaka siku nilipokaa na madaftari ya wanafunzi katika kijiji cha Mlingotini, kilometa chache kusini ya mji wa Bagamoyo, ukishapita Kaole na Mbegani.

Shule sitaitaja wala mwalimu sitamtaja, kwa kuwa kosa nitakalolieleza si lao. Swali walilopewa wanafunzi lilikuwa hili: "Eleza kilimo cha mwani katika kijiji chenu." Kwa watoto wa Mlingotini hilo ni swali la haki kabisa. Kijiji kimekaa kando ya ghuba tulivu iliyozungukwa na mikoko, na pamoja na uvuvi, mwani ni kazi ya nyumba nyingi, hasa kazi ya akina mama. Mtoto aliyelelewa hapo huyajua mambo ya mwani kabla hajajua kusoma.

Msichana mmoja alianza insha yake kwa Jumamosi moja ambayo mama yake alimwamsha alfajiri kwa sababu maji yalikuwa yamekupwa. Wakachukua kamba, wakashuka pwani. Walipofika shambani wakakuta vigingi vitatu vimeng'oka na kamba zimevutwa hadi mikokoni. Mama akanyamaza. Akainama, akaanza kuzifumbua moja moja. Binti akamsaidia mpaka maji yalipowafika kiunoni, wakarejea nyumbani mikono mitupu. Insha ilikuwa na ukurasa mmoja na nusu, Kiswahili chake kilikuwa safi, na mimi niliyeisoma baridi ya yale maji niliihisi. Chini yake palikuwa na wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada. 7/20."

Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kuzungumza na yule binti. Baada ya kuniamkia na kuketi, nikamwuliza, "Hebu niambie mwanangu, mwani hupandwaje?" Akanijibu bila kusita: "Hupandwa wakati wa bamvua, mwalimu, maji yakitoka sana. Vigingi hukitwa mchangani safu mbili, halafu kamba hufungwa huku na huku, na vipande vya mbegu huning'inizwa kwa nyuzi. Ukikaa kama mwezi mmoja na nusu huvunwa, ukaanikwa." Nikamwuliza tena mbona hakuyaandika hayo. Akasema, "Mwalimu hakuuliza hivyo. Alisema nieleze."

Jibu hilo ndilo lililozaa makala haya. Mtoto alikuwa na insha zote mbili kichwani, ile ya kisa na ile ya ufafanuzi. Kila moja aliitoa pale ilipoitwa kwa jina lake. Swali langu lilikuja na kiambishi hu-, naye akajibu kwa hu-. Swali la mwalimu lilikuja na neno "eleza", naye akalipokea kwa maana ambayo neno hilo linayo nyumbani kwao.

Basi na tulitazame neno lenyewe. Kwa asili, eleza ni kufanya jambo limwelee mtu, yaani limwingie akilini na kuwa wazi. Kwa asili hiyo lingefaa sana kuwa kitenzi cha ufafanuzi. Lakini matumizi yamelipanua. "Nieleze ilikuwaje" ni kuomba kisa. Mtu akiitwa kituo cha polisi kuandika yale aliyoyaona, huambiwa aandike maelezo, na maelezo hayo si chochote ila masimulizi: nilikuwa mahali fulani, nikasikia kelele, nikatoka, nikaona. Karatasi iliyomo ndani ya kijisanduku cha dawa nayo huitwa maelezo, lakini hiyo haisimulii kitu, huagiza. Idara ya Serikali yenye kazi ya kutoa habari kwa umma imejulikana nchini kwa jina hilo hilo la MAELEZO. Hivyo mtoto anapoambiwa "andika insha ya maelezo", ameonyeshwa mlango wenye vyumba vinne, na mwalimu amekaa katika kimoja tu akimsubiri.

Wafasiri nao wana sehemu yao katika lawama hii. Mtihani wa Kiingereza una vitenzi vingi vya maagizo, na kila kimoja kina kazi yake: kuna cha kutaja, cha kuonyesha sura ya kitu, cha kutoa sababu, cha kufasili. Mtu akiipitia mitaala na karatasi za mitihani iliyofasiriwa kwa haraka, ataona kwamba vitenzi hivyo vyote vimemiminwa katika kopo moja la "eleza". Mfasiri hakufanya uovu. Neno lilikuwa karibu na muda ulikuwa mfupi. Lakini mwanafunzi anayesoma masomo ya sekondari kwa Kiingereza na kufikiri kwa Kiswahili hulipia pande zote mbili.

Kinyume chake pia nilikikuta katika madaftari yale yale. Kijana mmoja alipewa swali la kusimulia tukio lililomsikitisha. Akaandika kwamba tukio lile lilimsikitisha kwa sababu tatu, akaiorodhesha ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha akafunga kwa maneno "kwa kuhitimisha, ningependa kuishauri serikali." Tukio lenyewe lilikuwa kifo cha babu yake! Huyu naye alikuwa ametii. Amefundishwa kwamba insha ina utangulizi, kiini na hitimisho, kwamba kiini ni hoja, na kwamba hoja huhesabiwa. Hakuambiwa kwamba mpango huo ni wa aina moja ya insha, na kwamba kisa kina mpango wake ambao hauhitaji kushauri serikali. Ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku neno "hitimisho" katika masomo ya masimulizi walau kwa miaka miwili, tuone watoto wataandika nini.

Hapana budi kutaja pia neno "utungaji". Kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hapa Tanzania ilikuwa na sehemu yenye jina hilo. Ndani yake mtahiniwa alipewa sentensi zilizovurugwa, akatakiwa kuzipanga upya kwa herufi ili zilete maana. Kupanga sentensi za mtu mwingine ni zoezi lenye faida, sikatai, lakini si kutunga. Na kwa kuwa lisiloulizwa katika mtihani aghalabu halifundishwi, watoto wengi wamefika sekondari bila kuandika ukurasa mmoja wa maneno yao wenyewe. Wenzetu wa Kenya, katika mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa tangu mwaka 1985 hadi 2023, walikuwa na karatasi ya insha. Karatasi hiyo ilikuwa na kasoro zake, kubwa ikiwa ile ya watoto kukariri tamathali na kuzipandika popote kama mapambo ya harusi, lakini mtoto angalau alishika kalamu.

Sasa msomaji anaweza kuuliza: je, Kiswahili chenyewe kina njia ya kutenganisha kisa na ufafanuzi, au tunataka kukivisha kanzu ya lugha nyingine? Jibu ni kwamba njia ipo, tena imo ndani ya kitenzi. Anayesimulia huanza na -li-, akishaingia katika mfululizo hushika -ka-: alikwenda, akakuta, akanyamaza. Hata ngano za pwani hufunguliwa hivyo. Mtambaji husema "Paukwa!", na wanaomsikiliza huitika "Pakawa!", hadithi haijaanza lakini -ka- imekwisha kuingia. Anayefafanua hushika hu-, na pale anapotaja sharti hushika -ki-: maji yakizidi joto, au mvua kubwa ikipunguza chumvi, mwani huparara, hugeuka mweupe na kukatika. Mbele ya sentensi hii hakuna siku wala mtu. Ni kweli leo na bamvua ijayo. Iwapo mwanafunzi ataandika tu kwamba "mwani wetu ulikufa", ametupa kisa. Akiandika kwamba "mwani hufa maji yakizidi joto", ametupa elimu ambayo jirani yake anaweza kuitumia. Tofauti ya silabi moja imebeba tofauti ya kazi nzima ya akili.

Natahadharisha hapa, maana nimewaona walimu wakiigeuza kanuni hii kuwa rungu. Kiambishi -ka- si mali ya masimulizi peke yake. Yule binti aliponiambia "huvunwa, ukaanikwa", aliitumia -ka- katikati ya ufafanuzi, naye alikuwa sahihi kabisa: hu- imekwisha kutangulia kuonyesha kwamba ni mazoea, na -ka- inaonyesha hatua inayofuata. Mwalimu anayekata alama kwa kuiona -ka- katika insha ya ufafanuzi atakuwa ameongeza dhuluma juu ya dhuluma. Kinachotazamwa ni kitenzi kinachotangulia, yaani kile kinachoshika usukani.

Tena jambo hili si geni katika mwambao huu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa huku huku Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na kufariki huko mwaka 1927, aliziandika aina zote mbili kabla hatujawa na silabasi. Katika mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, imo habari yake ya safari ya Udoe hadi Uzigua. Katika Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Velten huyo huyo mwaka 1903, yeye ndiye mwandishi mkuu. Kitabu hicho kilipata tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, na mpaka leo wataalamu hukirejea. Lililonivutia mimi ni majina. Makala yake ya Udoe kichwani mwake ina maneno mawili, safari na khabari: safari yake mwenyewe, na khabari za Wadoe na mila yao. Aliyekwenda safari husimulia alivyokwenda. Anayetoa khabari za watu na mila hueleza walivyo na wafanyavyo. Mwandishi wa mrima alikuwa na majina mawili kwa kazi mbili, wala hakuhitaji kamati.

Je, tulirudishe neno "habari" liwe jina la insha ya ufafanuzi? Nilitamani hivyo kwa muda, kisha nikaona haifai. Habari ya leo ni ya redio na magazeti, nayo mara nyingi ni tukio lililotokea jana, yaani imekwisha kuhamia upande wa kisa. Neno likishahama na jamaa zake wote, kulirudisha kwa nguvu ni kazi bure.

Ajabu ni kwamba neno "insha" lenyewe lilikuja kwetu likiwa na heshima ya ofisini kuliko ya darasani. Katika Kiarabu ni kuumba na kuanzisha, na katika madiwani ya watawala wa zamani lilikuwa jina la ufundi wa makarani wa kuandika barua na amri za dola. Al-Qalqashandi, aliyefariki mwaka 1418 huko Misri, aliandika kitabu kikubwa sana juu ya ufundi huo. Nalitaja hili kwa ajili ya ndugu zetu watumishi wa Serikali, ambao wakati mwingine hudhani kwamba insha waliiacha shuleni pamoja na kaptula. Shaaban Robert, aliyekuwa mtumishi wa Serikali miaka mingi, hakuiacha. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Witwatersrand kilimchapishia kitabu kiitwacho Kielezo cha Insha.

Na ofisini ndiko kosa la darasani linakokwenda kuzaa. Chukua mfano wa mtendaji wa kijiji anayetakiwa kupeleka wilayani taarifa ya kupungua kwa mavuno ya mwani. Kama alifundishwa kwamba kueleza ni kusimulia, ataandika kwamba tarehe fulani wakulima walikuja ofisini, mwenyekiti akaitisha mkutano, watu wakalalamika, mkutano ukafungwa saa nane. Afisa wa wilaya ataisoma, ataifungia jaladani, wala hatajua kama tatizo ni joto la maji, ni mbegu iliyochoka, ni bei, au ni mawimbi ya mahali palipochaguliwa vibaya. Hapo palitakiwa ufafanuzi. Lakini mfikirie mkulima ambaye shamba lake limepitiwa na mradi naye anadai fidia. Watu wa Mlingotini na Pande wameyajua mambo hayo tangu bandari ya Bagamoyo ilipotiwa saini mwaka 2013. Huyo anahitaji kisa: shamba nilirithi kwa nani, nilipanda minazi lini, nani alikuwepo mpaka ulipowekwa. Akiandika kwamba "minazi ina faida nyingi kwa jamii", ambalo ndilo fungu alilolikariri shuleni, amejidhulumu kwa mkono wake. Sioni kwamba ni halali kumwachia mtu wa namna hiyo istilahi za kubahatisha.

Mapendekezo yangu ni machache. Kwanza, jina "insha ya masimulizi" libaki lilivyo, na kitenzi chake cha agizo kiwe "simulia" na kisiwe kingine. Pili, jina "insha ya maelezo" liondolewe, na mahali pake liwekwe "insha ya ufafanuzi", kwa agizo la "fafanua". Wapo watakaosema kwamba kufafanua ni kuweka wazi jambo lililokwisha kusemwa likawa na utata, kama mtu anavyofafanua kauli yake. Ni kweli, na upungufu huo naukubali. Lakini hakuna anayesema "nifafanulie ilikuwaje jana" akitaka kisa, na hiyo ndiyo sifa tunayoitafuta. "Eleza" tuliachie barabara na sebule, ambako linafanya kazi nzuri. Tatu, na hili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko majina yote, watunga maswali wazoee kuuliza kwa sentensi kamili yenye kitenzi cha njeo inayotakiwa. "Mwani hupandwaje, na kwa nini hufa?" Swali hilo halihitaji jina la aina ya insha. "Ilikuwaje siku kamba zilipong'oka?" Hili nalo halihitaji. Kiswahili kimetupa -je, hu- na -li-. Kumwagiza mtoto kwa neno moja lisilo na mtendaji wala wakati ni mazoea ya karatasi za mitihani, si mazoea ya lugha.

Mwalimu yule wa Mlingotini alikubali kujaribu. Aliwarudishia wanafunzi madaftari, akawaambia waandike mara mbili juu ya mwani uleule, mara ya kwanza kwa siku moja waliyoiona wao, mara ya pili kwa mtu wa bara asiyepata kuiona bahari. Zilizoletwa hazikuwa bora zote, na wawili watatu waliandika kitu kilekile mara mbili. Yule binti katika insha ya pili alifika mahali pa kukaza kamba, akaandika kwamba kamba isipokazwa mawimbi huivuta mpaka vigingi hung'oka. Yaani alirejea kwenye Jumamosi ile ile, safari hii bila mama na bila kunyamaza kwake, akaitoa sababu. Mwalimu alimwuliza kama anataka ile ya kwanza isahihishwe upya. Akasema ndiyo.

Limebaki neno moja ambalo sikulishughulikia, nalo ni "wasifu", linalotumika kwa insha ya kuonyesha sura ya mtu au mahali. Leo wasifu ni habari ya maisha ya mtu, na katika matangazo ya kazi wasifu ni karatasi ya elimu na uzoefu wa mwombaji. Tena kwa kuwa liko jirani na "sifa", mwanafunzi akiambiwa aandike wasifu wa Mlingotini huisifu Mlingotini. Wapo walimu wanaotumia "sawiri" na "taswira", na masikio yangu yanayapenda, ila "taswira" nalo limekwisha kushikwa na wahakiki wa ushairi. Walimu wenye neno jingine linalotumika darasani kwao, hasa wa Unguja, Pemba na Mombasa, waliandike pamoja na sentensi mbili tatu za wanafunzi zinazoonyesha lilivyoeleweka.